Mionzi Huzimwa, Risasi Hubaki

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanakamati wa afya wa zahanati na hospitali zetu za pwani, katika semina ya siku mbili.



Tumepewa kuzungumza juu ya aproni za eksirei na madini yanayotiwa ndani yake. Wakati wa chai tuliwasikia wengine wenu mkiulizana, "Hawa wa ofisi ya huduma za jamii wanajua nini na mambo ya mashine?" Ni swali la haki kabisa. Sisi si mafundi. Kazi yetu ni kutembelea nyumba, kukaa na familia, kuandika ripoti na kutafuta karo za watoto. Lakini jambo hili lilituingilia kwa mlango wa nyuma, tena kwa kosa letu wenyewe. Basi tutaanza na hilo kosa, halafu tutafika kwenye mashine.

Miaka kadhaa iliyopita zahanati moja tunayoshirikiana nayo ililetewa sanduku la msaada kutoka ng'ambo. Ndani yake, pamoja na shuka na mikongojo, mlikuwa na aproni sita za eksirei. Mnazijua zile: nzito kama gunia la nusu, nje kitambaa, ndani mpira mzito wa kijivu. Fundi wa eksirei alizikagua, akachukua tatu na kusema hizi nyingine zimepasuka ndani, hazifai. Hakuna aliyeuliza zipelekwe wapi. Zikaletwa kwenye stoo ya ofisi yetu, zikakaa karibu mwaka mzima chini ya magunia ya mahindi ya msaada. Siku ya kusafisha stoo tuliona ni hasara kutupa kitu kigumu namna ile. Mmoja wetu akasema, "Mpira huu haupitishi maji." Mlinzi wetu wa usiku alikuwa amesimama pale mlangoni, akaomba moja. Tukampa. Hata tulifurahi, maana tuliona tumesaidia mtu.

Mlinzi alikwenda nayo nyumbani. Akachana kitambaa cha nje, akakata mikanda, akautandika ule mpira juu ya godoro la mtoto wake wa mwisho aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, bado anakojoa kitandani. Baba gani asingefanya hivyo? Mpira wa dukani ni pesa.

Miezi ikapita. Tulikwenda nyumba ile kwa habari nyingine kabisa, habari ya matibabu ya nyanya ya mtoto. Mama mtoto akatueleza, kama mtu anayesema jambo la pembeni tu, kwamba huyu mdogo hali chakula, tumbo linamsokota, choo ni kigumu, na amekuwa wa kulia-lia. Kliniki walikuwa wamempa dawa ya minyoo, halafu dawa ya kuongeza damu, na damu haikupanda. Tulikuwa tumeketi ukingoni mwa kitanda hicho hicho. Ndipo tulipouona ule mpira. Kona zake zilikuwa zimetafunwa. Mahali ulipokuwa umekunjwa palikuwa pamepasuka na kutoa unga wa kijivu, kama majivu ya jiko, ukiugusa unabaki kidoleni.

"Mama, huu mpira mliutoa wapi?" tukauliza, ingawa tulikuwa tumeshajua.

"Si ni nyinyi mlimpa baba yake?" akasema. "Alituambia ni mpira wa hospitali, hauna neno."

Tuliuondoa saa ile ile, tukamtuma mtoto hospitali kuu, na damu yake ikapelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yalichukua wiki mbili. Shirika la Afya Duniani lilisema katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kwamba mtu akikutwa na maikrogramu 5 au zaidi za risasi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto huyu alikuwa amekipita kiwango hicho mbali.

Tunaposema risasi hapa tunataja madini, si ile ya bunduki, ingawa jina ni moja kwa kuwa ile nayo imetengenezwa kwa madini haya. Wavuvi mnaijua: ndiyo hiyo ya chubwi. Mafundi wa magari mnaijua: ndiyo iliyo ndani ya betri. Na ule unga wa kijivu ndani ya mpira wa aproni ulikuwa huo huo, risasi iliyosagwa ikachanganywa na mpira.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kijijini, kwa maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Habari zilienea kwamba mtoto wa mlinzi ameunguzwa na mionzi. Ati aproni ile ilikuwa imevaliwa miaka mingi hospitalini Ulaya, imeshiba mionzi, na usiku ilikuwa ikimtolea mtoto kidogo kidogo. Mama wawili wakakataa kupeleka watoto wao kupigwa picha ya kifua, na mmoja wa watoto hao alikuwa anashukiwa kifua kikuu. Mnaona hatari yake? Watu walikimbia kilichokuwa kinawafaa, wakaacha kuuliza juu ya kilichokuwa kinawaumiza. Bado aproni mbili zilikuwa kwenye stoo yetu, na hakuna aliyezitaja.

Mionzi ya eksirei haikai ndani ya kitu. Ni kama mwanga wa tochi: ukizima, umekwisha. Haibaki kwenye ukuta, wala kwenye shuka, wala kwenye aproni. Aproni iliyovaliwa miaka 20 haina mionzi hata chembe. Ila ile risasi iliyo ndani yake haina swichi. Leo iko, kesho iko, na mpira ukichakaa inatoka.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mifupa ya mkono wa mke wake. Ulimwengu ulishangilia. Watu walichezea mashine hizo kama kitu cha sarakasi. Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akiweka mikono yake kwenye mionzi kila siku ili kujaribu mashine. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Mjini Hamburg kuna mnara uliosimamishwa mwaka 1936 wenye majina ya madaktari, mafundi, masista na wauguzi waliokufa kwa kazi hii. Majina ya kwanza yalikuwa 169. Kwa hiyo risasi ilipoingia kwenye chumba cha eksirei iliingia kama mwokozi, na hatuwezi kuidharau. Aproni yenye kinga ya nusu milimita ya risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika chumbani. Fundi aliyevaa aproni nzima, akasimama mbali, akafanya haraka, anarudi nyumbani salama.

Lakini risasi hiyo hiyo, ikiingia mwilini, mwili huidhania ni chokaa ya mifupa. Huipokea na kuiweka akiba ndani ya mfupa, na humo inakaa miaka mingi. Mama akipata mimba, mifupa yake inapotoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi inatoka nayo. Mtoto mdogo anaifyonza tumboni mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Inapunguza damu, inasokota tumbo, na jambo baya kuliko yote, inagusa ubongo wakati ambapo ubongo unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kusimuliwa. Owino Uhuru, pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi humo kwa muda, mtoto wake akaugua, akapimwa na kukutwa na risasi. Mama huyo hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu ile mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka hiyo, toka mtoto wa kwanza kuugua.

Mtaniambia aproni moja si kiwanda. Kweli. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, katika hospitali zenye vifaa vya kila namna, ulikuta vumbi la risasi juu ya zaidi ya nusu ya aproni zilizopimwa, yaani nje ya kitambaa, mahali mikono inaposhika. Sasa fikirini hapa kwetu. Nani anaishika aproni mara nyingi kuliko wote? Fundi anaivaa dakika chache. Anayeikung'uta, kuifuta, kuikunja na kuipeleka kwa fundi cherehani ishonwe ni yule mama wa usafi, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kuna nini ndani. Anatoka hapo anakwenda kumenya viazi vya wagonjwa, au kunyonyesha. Katika mafunzo yote ya mionzi tuliyoyasikia, mama huyu hayumo. Hilo linatukera.

Basi, je, kuna njia ya kupata kinga bila risasi? Ipo, na haikuanza jana. Tulieleweshwa na daktari mmoja wa picha ambaye alikuwa na subira na sisi, na tutajaribu kuwaeleza kama alivyotueleza.

Mionzi ya eksirei hunaswa na vitu ambavyo atomu zake zimejaa elektroni nyingi. Risasi ina 82 katika kila atomu, na tena ni rahisi kupatikana, laini, na bei yake ni ya chini. Ndiyo maana ilichaguliwa. Lakini si peke yake. Jirani yake wa karibu ni bismuti, yenye 83. Wengi wenu mmeshainywa, imo katika dawa fulani za tumbo. Kuna tangsteni, yenye 74, ambayo ndiyo ule uzi unaowaka ndani ya balbu ya zamani. Kuna bariamu, yenye 56; mgonjwa wa tumbo hunyweshwa ule uji mweupe kabla ya kupigwa picha, na uji ule ni bariamu salfeti, unaonekana kwenye picha kwa sababu hiyo hiyo kwamba unazuia mionzi. Halafu antimoni, 51, na stani, 50, ile inayopakwa ndani ya makopo ya bati ili yasishike kutu.

Mtauliza, mwenye 50 atamwezaje mwenye 82? Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kila metali ina kiwango chake cha nguvu ya mionzi ambapo uwezo wake wa kunasa hupanda ghafla, kama mtu aliyepanda ngazi moja ndefu. Kwa kipimo chao cha kiloelektronivolti, ngazi ya risasi iko kwenye 88. Ya tangsteni iko karibu 70, ya bariamu 37, ya antimoni 30 na ya stani 29. Sasa sehemu kubwa ya mionzi inayotawanyika katika chumba cha kawaida cha eksirei iko kati ya 30 na 80 hivi, yaani chini ya ngazi ya risasi. Risasi inaizuia kwa wingi wake tu, bado haijapanda ngazi. Stani na antimoni zimeshapanda. Wavuvi mtaelewa upesi: wavu wa macho makubwa unanasa nguru na kuwaacha dagaa, na wa dagaa hauwezi kishindo cha nguru. Ukizipanga nyavu mbili pamoja, unanasa wengi kwa uzi mchache. Ndivyo wanavyofanya: wanasaga bismuti, tangsteni, stani, antimoni au bariamu, wanachanganya na mpira kwa vipimo vyao, wanapata aproni nyepesi zaidi inayofanya kazi ile ile.

Na uzito si jambo dogo. Chukua risasi tupu, bila mpira, bila kitambaa, yenye unene wa nusu milimita: mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 5 na nusu na zaidi. Ongeza mpira. Valia hiyo asubuhi mpaka jioni. Nesi mmoja wa chumba cha upasuaji alituambia mgongo wake umekuwa wa bibi kizee kabla ya miaka 40.

Hapo tulifurahi sana, tukasema basi tununue za bila risasi, mambo yaishe. Daktari akatuzuia. Akasema msikimbilie jina.

La kwanza, mashine zinatofautiana. Aproni ya stani na antimoni inayofanya vizuri kwenye picha ya mkono au ya kifua inaweza kupitisha zaidi pale ambapo mashine inasukuma nguvu kubwa, kwa mfano ile ya kupiga picha za vipande-vipande wanayoiita siti skani. Muuzaji akikuambia "hii ni sawa na robo milimita ya risasi", sentensi yake haijaisha. Sawa na robo milimita kwa nguvu gani? Kilovolti ngapi? Aproni nzuri imeandikwa kwenye lebo: alama ya Pb, ambayo ni risasi kwa lugha yao, milimita zake, na kilovolti zilizotumika kuipima.

La pili lilitushangaza. Metali ikinasa mionzi, yenyewe nayo hurudisha mionzi yake midogo, dhaifu, kama mwangwi. Mwangwi wa stani na antimoni unaweza kutokea upande wa ndani wa aproni na kuingia kwenye ngozi ya aliyeivaa. Vipimo vya zamani vilikuwa vinaweka kipimio mbali, mwangwi huo hauonekani, aproni inapata cheti. Mwaka 2014 kanuni ya kimataifa, ambayo namba yake ni IEC 61331-1, iliwekwa upya ikiwa na njia ya kupima inayouhesabu. Muulizeni muuzaji kama aproni yake imepimwa kwa njia hiyo. Dawa ya mwangwi waliipata: tabaka mbili, metali nyepesi nje, na ile nzito kama bismuti upande wa mwili, ili imeze mwangwi wa mwenzake. Kwa hiyo aproni ya namna hiyo ina ndani na nje. Ukiigeuza umevunja kazi yote.

La tatu ni kwamba bila risasi si sawa na bila sumu. Bismuti inaaminika kuwa ya upole. Antimoni si ya kuchezewa, na hakuna mpira wa plastiki wenye metali ndani unaofaa kuchomwa kwenye shimo la taka, uwe na risasi au usiwe nayo. Tena kuna za katikati, zinauzwa kwa jina la "nyepesi", kumbe zina risasi iliyopunguzwa na kuchanganywa na nyingine. Si mbaya, lakini ujue umenunua nini.

Tulikutana na mambo haya yote kwa siku moja. Muuzaji alikuja kwenye zahanati ile ile na aproni nyepesi kama koti la mvua, akasema haina risasi hata punje, na inazuia kila kitu. Fundi akamwuliza kilovolti. Akacheka. Akaulizwa karatasi ya vipimo. Akasema ataituma. Mpaka leo. Baadaye tulipata mwingine mwenye karatasi, na bei yake ilikuwa juu kuliko ya risasi, juu sana. Kamati ilibishana mpaka saa moja jioni. Mweka hazina, na hatumlaumu, alisema pesa hizo ni za kitanda cha kujifungulia, na akina mama hawazai kwenye aproni.

Kilichotutoa kwenye mvutano ule kilikuwa swali la Sista mkuu wa zahanati: "Kwani tunahitaji ngapi?" Tulikuwa tumeandika nne, mbili za wafanyakazi na mbili za kufunika wagonjwa. Kumbe desturi ya kumfunika mgonjwa imebadilika. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kilishauri kuacha kumwekea mgonjwa kinga juu ya nyonga, na mwaka 2020 vyama vya Uingereza vikatoa mwongozo unaofanana na huo. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno wa Marekani nacho kikashauri aproni na kola za shingo ziachwe kwa picha za meno. Sababu ni kwamba mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo sana kuliko za zamani, na kipande cha risasi kikiingia kwenye picha kinaficha kinachotafutwa, picha inarudiwa, au mashine inayojipima yenyewe inaongeza nguvu. Mama anayemshika mtoto asitikisike bado anavaa aproni, hilo msiliache. Wafanyakazi vile vile. Na kila zahanati ifuate maagizo ya mamlaka yetu ya udhibiti wa nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, maana ndiyo inayotoa leseni. Lakini kwa hesabu yetu nne zilikuwa mbili. Mbili za bila risasi, zenye karatasi, zikanunuliwa, na kitanda kikanunuliwa pia, ingawa si kile chenye magurudumu.

Tuseme neno juu ya kuta, kwa kuwa wawili wenu mnajenga. Ukuta hauhitaji risasi kila mara. Zege au matofali mazito yenye unene wa kutosha hufanya kazi, na kuna lipu ya baraiti, ambalo ni jiwe zito lenye bariamu. Jiwe hilo liko Kilifi yetu, huko Vitengeni, na ajabu yake limelala pamoja na madini ya risasi katika mwamba mmoja. Unene usipimwe kwa macho ya fundi mwashi. Aitwe mtaalamu wa mionzi kabla msingi haujachimbwa, na mlango ukishawekwa bamba la risasi ndani, asije mtu akapiga msumari wa kutundikia kalenda.

Zile aproni za risasi mlizo nazo, msizitupe kwa hofu mliyoipata leo. Aproni nzima ya risasi ni bora kuliko kutokuwa na aproni. Itundikwe kwenye fimbo nene au henga pana, isikunjwe, isitupwe juu ya kiti, kwa maana ikikunjwa ndipo mpira unapopasuka, mionzi ikapita na vumbi likatoka. Mara moja kwa mwaka ipigwe picha yenyewe, itandikwe kama mgonjwa, na nyufa zitaonekana. Ifutwe kwa kitambaa kibichi, si kukung'utwa, na anayeifuta anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Na mama huyo wa usafi aambiwe kwa nini. Akielezwa vizuri atailinda kuliko fundi.

Zilizochakaa ndizo kazi. Haziruhusiwi kwenye jaa wala kwenye moto. Ni taka ya sumu, na huchukuliwa na wenye leseni ya kubeba taka za namna hiyo. Sisi tulikusanya zetu: mbili za stoo, ule mpira wa kitandani, na nyingine mbili ambazo zahanati jirani ilikuwa imezifanya zulia la kupangusia miguu. Tumezifunga kwa plastiki nzito ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko. Tumeandika barua mbili za kuomba zichukuliwe, na jibu tulilopata ni la bei ya usafiri. Kijana mmoja mvuvi amekuja mara tatu. Anataka kuzinunua, achome mpira na kukusanya risasi atengeneze chubwi. Mara ya tatu alikuja na pesa mkononi. Tukamweleza moshi wake utakwenda wapi, na nani analala chini ya upepo huo. Hakufurahi.

Mtoto yuko gredi ya pili sasa. Risasi katika damu yake ilishuka polepole, kwanza haraka baada ya mpira kuondolewa, halafu kwa miezi mingi. Alipewa vyakula vya kuongeza madini ya chuma na chokaa, mboga za majani, maziwa, dagaa. Mwalimu wake anasema ni mchangamfu lakini kusoma kunamchelewa. Mama yake alituuliza kama ni kwa sababu ya ule mpira. Daktari alisema inawezekana, na kwamba hakuna kipimo kitakachotoa jibu hilo kwa mtoto mmoja. Tulimpelekea jibu lilivyo. Ada ya masomo ya ziada inalipwa na ofisi yetu, si kama msaada. Tumeiandika kwenye hesabu kama deni.

Ufunguo wa stoo lenye pipa anao mlinzi mwenyewe. Aliuomba. Kila mwezi tunakwenda naye kutazama kama kifuniko kimekaza. Tumeona mkono wa mzee pale nyuma, na wa Sista hapa mbele. Tuanze na mzee.